Neno Moja la Bwana Lambe

Karani Kaleb aliisoma karatasi mara mbili, mara ya kwanza haraka, kama mtu anayetaka kumaliza, na mara ya pili polepole, kwa sababu bwana mdogo alimwamuru arudie. Watu walikuwa wamejipanga mistari mbele ya ofisi ya shamba, wakataji upande huu, wanawake wa kuanika upande ule, na ukungu wa masika ulikuwa bado umelala juu ya mikonge.

"'Watu wamegoma,'" Kaleb alisoma. "'Wameikamata pampu. Leteni msaada.' Haya ni maneno ya Bwana Lambe mwenyewe. Aliyaandika kwa mkono wake siku ya Alhamisi, kabla ya kupakiwa kwenye treni kwenda hospitali ya Tanga."

Bwana mdogo, yaani msaidizi wa meneja, akaongeza kwa Kiswahili chake cha kukatakata kwamba wale watu kumi na wanne waliokuwa kwenye pampu wako mikononi mwa polisi huko Korogwe tangu jana jioni. Jumatatu watasimama mbele ya Bwana Shauri, ofisa wa boma anayeamua kesi. Na wakati huu wa vita, alisema, mtu anayegoma kwenye shamba la katani ni sawasawa na askari anayetupa bunduki yake. Atakwenda jela, na wenzake wamwangalie anavyokwenda. Kisha akauliza kama kuna mwenye neno.

Ilikuwa ndiyo desturi yake ya kufunga mkutano. Hakuna aliyewahi kuwa na neno. Lakini asubuhi ile, kutoka mstari wa waanikaji, mwanamke mmoja mrefu aliyejifunga kitambaa cha bluu kichwani alijibu kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mimi ninalo. Bwana Lambe aliandika kwa lugha gani?"

Bwana mdogo akamtazama Kaleb. Kaleb akasema, "Kifaransa. Nimefasiri mimi, kwa kamusi."

"Basi naomba kuiona hiyo karatasi."

Kicheko kikapita kwenye mistari, kikapita hata kwa wale wenye hofu. Bwana mdogo hakucheka. Alipiga makofi mara moja, na watu wakatawanyika kwenda kazini.

Jina lake lilikuwa Josefina, na pale kambini walimwita Mfaransa. Alikuwa mtu wa Urundi. Wazazi wake walikufa angali mdogo, akalelewa na masista kando ya Ziwa Tanganyika, na masista wale, jikoni na kwenye kufua, hawakusema na wasichana lugha nyingine isipokuwa Kifaransa. Alikuja Korogwe pamoja na mumewe Fabiani, manamba wa mkataba wa miaka miwili. Hiyo ilikuwa miaka kumi na mmoja nyuma. Fabiani alikuwa amezikwa nyuma ya kambi, na Josefina alibaki kwenye chumba kilekile, kwa sharti lilelile la kambi: mwenye kazi ana chumba.

Hakuwa mtu wa kuficha anachokijua. Ukimwuliza kama ni kweli anajua Kifaransa, alikujibu, "Najua, na kukisoma najua," akaendelea na shughuli zake. Ila hakukuwa na wa kumwuliza zaidi ya hapo. Kwenye shamba zima aliyesema lugha ile alikuwa Bwana Lambe peke yake, Mbelgiji mzee aliyetunza mashine, na Bwana Lambe hakuwa na sababu ya kuzungumza na mwanikaji. Josefina alimsikia tu. Alipopita na mzigo wa katani mbichi, akamkuta mzee yule amepiga magoti mbele ya mashine iliyokataa kuwaka, alicheka peke yake njia nzima. Siku moja jirani yake Mashavu alimwuliza anacheka nini.

"Anaiambia mashine kwamba mama yake alikuwa sufuria," Josefina alimjibu.

Jumamosi ile Mashavu hakuwa na kicheko. Mumewe, Mwinjuma, alikuwa ndiye mkubwa wa wale kumi na wanne. Wote wawili walikuwa watu wa Sindeni, huko Handeni. Walikuja shambani mwaka ambao mahindi yalikauka yakiwa magotini. Wakawa wanaanika bega kwa bega, wakizitandaza singa za katani juu ya waya, zile za kijani zinazochuruzika maji ya kuwasha mikono, na Mashavu alisimulia bila kuacha kazi.

"Mto ulipanda tangu Jumatano. Alhamisi Bwana Lambe akaja kumchukua Mwinjuma na wenzake, akawapa kamba. Wakaishusha pampu kutoka kwenye mawe yake, wakaivuta mpaka kwenye mchanga. Ikawa nzito, inazama. Saa sita mzee anatetemeka, homa imemshika, meno yanagongana. Akawaonyesha hivi." Mashavu aliweka chini singa zake, akanyoosha viganja viwili kuelekea ardhini. "Kaeni hapa. Kisha akakunja ngumi. Msiachie. Akaandika karatasi juu ya goti, akampa mtu wa toroli, naye mwenyewe akapandishwa toroli hilohilo."

"Na bwana mdogo?"

"Alikuja Ijumaa, akawaambia waende kukata mkonge. Maji yako hapa." Akaonyesha kiunoni. "Mwinjuma akamwambia, Bwana Lambe alisema tusiiache. Akaondoka. Jioni tukaona polisi. Mimi nilikuwa nimepeleka ugali, Josefina. Niliwaona kwa macho yangu. Mtu anagoma huku amejifunga kamba kiunoni?"

Josefina aliendelea kutandaza singa. Alikuwa akiyageuza yale maneno matatu, Watu wamegoma, Wameikamata pampu, Leteni msaada, akiyarudisha nyuma kwenye lugha yalikotoka. Mawili ya mwisho yalirudi kwa urahisi. La kwanza lilikataa.

Wakati wa mapumziko alikwenda ofisini, akasimama dirishani. Kaleb alikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, amesoma shule ya Tanga, anavaa kaptula iliyopigwa pasi hata siku ya mvua.

"Shikamoo, mama," alisema bila kuinua macho.

"Marahaba. Karani, nambie neno moja tu. Hilo la kugoma, aliliandikaje?"

Kaleb alisita. Lakini alikuwa amejivunia kazi ile. Meneja alikuwa amemsifu. Akalitamka herufi kwa herufi: grève.

Josefina akacheka, kicheko kilekile alichoyachekea masufuria ya Bwana Lambe. "Mwanangu, hilo ni mchanga. Mchanga wa kando ya maji. Masista walikuwa wakitupeleka huko kila Jumamosi kufua."

"Kitabu kinasema mgomo."

"Kitabu chako kinasema na nini kingine?"

Uso wa Kaleb ulijifunga. "Mama, mimi nimesoma. Nenda kaanike."

Jumatatu alfajiri, Josefina alipokuwa akitoka kambini pamoja na Mashavu, walimkuta bwana mdogo kwenye njia ya reli ya matoroli, anawasha gari. Aliwauliza waendako. Mashavu alitazama chini. Josefina alisema, "Korogwe, bomani."

"Ukienda, jina lako nalifuta," alisema bwana mdogo. "Na chumba kina mtu mwingine anayekitaka."

"Nimesikia, Bwana," Josefina alimjibu, na hakupunguza mwendo. Mashavu alimwuliza baadaye, walipokwisha kupita Makuyuni, kama hakuogopa. Josefina alifikiri kidogo. Alisema kwamba chumba anakipenda, hasa kwa sababu ya Fabiani. Lakini kujua kitu miaka yote hii, halafu siku kinapohitajika ukae nacho kimya unaanika katani, hilo asingeliweza.

Walifika jua likiwa juu, miguu imejaa matope mekundu. Baraza la boma lilikuwa limejaa watu. Wale kumi na wanne walikuwa wamekaa chini mistari miwili, nguo zao zimekauka na udongo wa mto hadi zimekuwa ngumu kama magunia. Bwana Shauri alikuwa Mwingereza mwembamba mwenye miwani, na mbele yake kulikuwa na karatasi moja iliyopigwa chapa kwa Kiingereza. Kaleb alikuwa amesimama pembeni ya meza, kwa kuwa siku ile aliletwa awe mkalimani. Bwana mdogo alikuwa amekwisha kusema yake. Mwinjuma alikuwa amesimama anasema yake.

"Tuliambiwa tukae, tukakaa," alisema Mwinjuma. "Tuliambiwa tusiiachie, hatukuiachia. Zaidi ya hapo sina la kusema, Bwana."

"Lakini aliyewaambia ndiye aliyeandika kwamba mmegoma," alisema Bwana Shauri. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, cha kitabuni. "Unataka nimwamini nani?"

"Nina neno," Josefina alisema kutoka nyuma.

Askari alimshika mkono. Josefina hakuuvuta, aliuacha ushikwe, akaendelea kumtazama Bwana Shauri, mpaka Bwana Shauri akaashiria aachwe.

"Wewe nani? Mke wa mmoja wao?"

"Hapana, Bwana. Naitwa Josefina, mwanikaji wa katani. Hakuna ndugu yangu hapa. Nimekuja kwa ajili ya karatasi. Karatasi yenyewe, aliyoiandika Bwana Lambe, iko wapi?"

Bwana Shauri aliinua ile ya chapa, akaishusha. Ilionekana hakuwa amejiuliza. Akamgeukia bwana mdogo, na bwana mdogo akasema kwamba imebaki shambani, na kwamba tafsiri inatosha.

Kaleb alikuwa akiutazama ukingo wa meza. Kisha akafungua mkoba wake.

"Ninayo mimi, Bwana," alisema.

Ilikuwa kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne, chenye alama ya kidole cha grisi. Bwana Shauri alikisoma, midomo yake ikicheza kama mwanafunzi. Akamwuliza Josefina swali kwa Kifaransa, kifupi, cha shule. Josefina alimjibu kwa Kifaransa, kirefu, na katikati ya jibu akamsahihisha neno moja kwa adabu, vile masista walivyokuwa wakimsahihisha yeye. Watu wa baraza hawakuelewa kitu, ila walimwona Bwana Shauri anaketi sawasawa kwenye kiti chake. Akampa kile kipande.

Josefina alisoma kwa sauti. "Les hommes sont sur la grève. Ils tiennent la pompe. Envoyez du secours." Akakishusha. "Watu wako juu ya mchanga, kando ya mto. Wameishikilia pampu. Leteni msaada. Aliomba watu zaidi, Bwana. Na kamba. Wakaletewa polisi."

Mnong'ono ukazunguka baraza. Bwana Shauri aliomba kamusi, akamwambia Kaleb asome kila maana iliyomo, asiache hata moja. Kaleb aliitoa yake mkobani, akaifungua palipokuwa na alama ya utepe.

"Grève," alisoma. "Kwa Kiingereza, ya kwanza, 'shore'. Ufuko. Ya pili, 'strike'. Mgomo. Ya tatu, 'greave'. Hiyo siijui, Bwana."

"Ni chuma," alisema Bwana Shauri. "Askari wa zamani walikivaa kukinga miundi wasikatwe."

Mwinjuma aliitazama miundi yake, iliyochorwachorwa na miiba ya mkonge, na mmoja wa wenzake akakohoa kuficha kicheko.

"Basi chuma tukiweke kando. Zimebaki mbili, na kila upande unavuta yake. Josefina, wewe unajuaje kwamba ni mchanga?"

"Hiyo ndiyo maana niliyofundishwa, Bwana. Hii ya mgomo nimeisikia kwa mara ya kwanza juzi Jumamosi. Huko kwetu hakuna aliyewahi kugoma."

"Kwa hiyo unajua maana moja tu," alisema Bwana Shauri, wala si kwa ubaya. "Mtu anayejua njia moja hawezi kunichagulia kati ya njia mbili."

Josefina alikuwa amekuja kilomita zote zile na kitu kimoja mkononi, na kitu hicho kilikuwa kweli, na bado kilikuwa hakitoshi. Alimwona Mashavu amejishika shavu. Alimwona bwana mdogo anatafuta kofia yake. Akarudi kwenye ile karatasi, akaisoma tena kimya, neno baada ya neno, kama anavyopitisha singa vidoleni kutafuta penye unyevu. Na kidole chake kikasimama kabla ya lile neno, kwenye jingine dogo ambalo hakuna aliyelijali.

"Bwana, kuna hili 'sur'. Maana yake juu ya. Mtu hukaa juu ya mchanga. Hakai juu ya mgomo."

"Kwa Kiingereza anakaa," alisema Kaleb, na alisema haraka, kwa sababu hili alilijua na ndilo lililomwongoza. "Waingereza husema 'on strike'. Hiyo 'on' ndiyo juu ya. Ndiyo 'sur'."

"Waingereza, ndiyo," Josefina alisema. "Bwana Lambe ni Mbelgiji. Karani, hicho kitabu kinasemaje mtu akigoma kwa Kifaransa? Rudi pale penye mgomo, usome mpaka mwisho wa mstari."

Kaleb aliinama. Kamusi ilikuwa mikononi mwake, maandishi yake madogo kama mchwa, na mle barazani hakuna mwingine aliyeweza kuyaona. Kidole chake kilitembea, kikafika mahali, kikakaa. Alikuwa kijana mwenye kazi nzuri, na aliyempa kazi ile alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake.

"Pameandikwa 'se mettre en grève'," alisema Kaleb. "Kugoma."

"'En'," alisema Bwana Shauri.

"Ndiyo, Bwana. Hakuna 'sur' hapa. Mimi nilisoma neno, sikusoma mstari."

Bwana Shauri alivua miwani yake, akaifuta taratibu. Akamwuliza bwana mdogo pampu iko wapi sasa.

"Juu. Kwenye majani makavu."

"Alhamisi ilikuwa wapi, Bwana Lambe alipoondoka?"

Bwana mdogo alisema ilikuwa chini zaidi. Chini kiasi gani? Kwenye mchanga. Na kutoka kwenye mchanga hadi kwenye majani makavu, iliinuliwa na nani? Bwana Shauri hakungoja jibu. Aliandika muda mrefu, kalamu ikikwaruza. Kisha akawaambia wale kumi na wanne kwamba hakuna shauri, warudi makwao wakaoge.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Waliinuka mmoja mmoja wakijinyoosha magoti, na walipompita Josefina kila mmoja alimshika mkono kwa mikono miwili. Mwinjuma alipofika kwake alitaka kusema jambo, akashindwa, akamwuliza kama amekula. Hakuwa amekula. Walinunua ndizi za kuchoma penye stesheni ya reli, wakala wakitembea.

Jumanne asubuhi, mbele ya ofisi, majina yaliitwa na lake halikuitwa. Josefina aliondoka pamoja na wengine, akaenda kwenye waya zake, akaanika kutwa. Jumatano halikuitwa, akaanika. Mvua ilipotishia, ni yeye aliyepaza sauti ya kuanua, kama ilivyokuwa siku zote, na wanawake walimfuata. Alhamisi Kaleb aliinua orodha, akasoma jina la Tatu, akasoma Josefina, akasoma Mwantumu, kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka. Bwana mdogo alimgeukia. Kaleb aliendelea na jina lililofuata, na lililofuata, mpaka ukurasa ukaisha. Chumba hakuna aliyekuja kukiuliza.

Zilipita wiki tatu. Mto ulishuka, jua likatoka la kweli, na katani ilianza kukauka siku moja badala ya tatu. Josefina alikuwa akigeuza singa adhuhuri aliposikia mtu anakohoa upande wa pili wa waya. Alikuwa Bwana Lambe. Hospitali ilikuwa imemnyonya. Shati lilimning'inia kama limeanikwa. Alisimama pale na kofia mkononi, akamtazama mwanamke yule ambaye bila shaka alikuwa amempita mara elfu.

Akasema, kwa Kifaransa, kwamba ameambiwa mambo ya bomani wakati treni iliposimama Korogwe. Akasema kwamba hakujua. Kisha akaizungusha kofia yake, na Josefina akaona kwamba mzee yule ana maneno mengine lakini hajui ayaanzie wapi.

"Umepona, Bwana?" Josefina alimwuliza kwa lugha ileile. Ilitoka polepole. Maneno yalikuja mojamoja kama watu wanaotoka usingizini.

"Nusu," alisema Bwana Lambe. Akapangusa jasho. Maji yameshuka, alisema. Pampu lazima irudi mtoni kabla korona, mashine ya kuchuna mkonge, haijakosa maji. Anawahitaji watu walewale, wale kumi na wanne, sio wengine. Lakini viganja na ngumi amechoka navyo. Je, Josefina angeweza kuwaambia?

Josefina alitandaza zile singa zilizobaki mkononi, akazinyoosha mpaka zikalala sawa. Alijifuta mikono kwenye kanga. Kisha akashika njia ya reli ya matoroli kuelekea kwa wakataji, yeye mbele, mzee nyuma, jua likiwa katikati ya utosi. Kila baada ya hatua chache mzee alisema jambo, naye alimjibu bila kugeuka. Walipofika penye daraja la kijito alipunguza mwendo, akamwambia aangalie chini: taruma la tatu chini ya reli limeoza, asilikanyage. Akasikia kiatu kinasita, kinavuka, kinakanyaga la nne.